Godoro la Sufi Lenye Unene wa Milimita Nane

Nyumba ya wanasesere ni mfano mdogo wa nyumba ya kweli, uliojengwa kwa kipimo kimoja kinachofuatwa kuanzia msingi hadi paa, na ambao ndani yake huwekwa samani, vyombo na matandiko yaliyopunguzwa kwa kipimo hichohicho. Jina lake huwafanya wengi waidhani kuwa ni kitu cha kuchezea watoto tu, ilhali nyumba hizi zilianza kama hazina za watu wazima: Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria, alitengenezewa moja mjini Munich mwaka 1558, Petronella Oortman wa Amsterdam aliipamba yake kati ya mwaka 1686 na 1710 kwa gharama iliyotosha kununua nyumba halisi kando ya mifereji ya mji huo, na ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ingali inaonyeshwa katika kasri la Windsor. Wanahistoria wa Ulaya huzitegemea nyumba za namna hii wanapotaka kujua watu wa zamani walilalia nini na waliegemea nini, kwa sababu mbao na mawe hudumu, lakini godoro, mto na pazia huliwa na nondo, huoza kwa unyevu au hufumuliwa na kutumiwa upya, na mara nyingi ushahidi unaobaki ni ule uliohifadhiwa katika umbo dogo.

Hoja ya makala haya ni kwamba Tabora inastahili kuwa na nyumba kama hiyo, na kwamba kazi ianzie kwenye samani laini, yaani kila kitanda, kiti au kikalio kilichojazwa kitu chororo na kuvishwa kitambaa, kwa kuwa sehemu hiyo ya maisha ya mji ndiyo iliyopotea zaidi, na ndiyo pia iliyo ngumu zaidi kuipunguza bila kuiharibu.

Tabora, mji uliojulikana katika maandishi ya karne ya 19 kwa majina ya Kazeh na Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na humo wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga makazi ya kudumu katikati ya nchi ya Wanyamwezi. Wavumbuzi Richard Burton na John Speke walifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na Burton akaandika juu ya nyumba kubwa zisizo na ghorofa, zenye kuta imara na bustani zilizotunzwa, ambazo wenyeji wake walipelekewa bidhaa na starehe za pwani kila mara. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika mwezi Juni 1871, aliona mazulia ya Uajemi, matandiko ya thamani, vyombo vya fedha vya chai na kahawa, na sinia za shaba zilizonakshiwa. Nyumba zenyewe ziliitwa tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa la miti lililokandikwa udongo juu yake, ambazo mara nyingi vyumba vyake viliuzunguka ua wa ndani, na ambazo mbele zilikuwa na baraza ya kupokelea wageni. Tembe ya Kwihara, ambamo mmisionari David Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872, na ambamo Livingstone alisubiri wapagazi wake hadi mwezi Agosti mwaka huo, ipo hadi leo kama makumbusho, kilomita chache kusini-magharibi mwa Tabora mjini.

Anayeingia katika tembe hiyo huona kuta, mlango na nafasi ya vyumba, lakini hapati kuona ulaini wa nyumba, na hapo ndipo msanii wa vitu vidogo anapokuwa na kazi ambayo mwanaakiolojia hawezi kuikamilisha. Kabla ya kuitazama kazi yenyewe inafaa kukumbuka jinsi ulaini huo ulivyofika Tabora. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1912. Kabla ya hapo kila zulia na kila kipande cha kitambaa kilichotoka pwani kilibebwa na mpagazi, kwa kawaida katika mzigo wa frasila mbili hivi, sawa na kilo 32, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira, huku watu wengine wakipitishwa njia hiyohiyo wakiwa watumwa. Kwa hiyo samani kubwa za mbao hazikuwa na nafasi katika msafara. Kilichosafiri kwa urahisi ni kile kinachokunjika: busati, zulia, foronya tupu, gamba la godoro lisilojazwa, na majora ya vitambaa vya merikani na kaniki ambayo yalikuwa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Kinachojaza na kinachobeba, yaani kitu cha ndani ya godoro na mbao ya kitanda, ni vitu ambavyo fundi wa bara aliweza kuvipata palepale, na mchoro wowote wa chumba cha Tabora ya wakati ule ambao umejaa makochi ya miguu mizito hauwezi kuwa wa kweli.

Kipimo kinachotumiwa na wasanii wengi wa nyumba ndogo duniani ni moja kwa kumi na mbili, ambacho maana yake ni kwamba inchi moja ya mfano husimama badala ya futi moja ya kitu halisi, au sentimita moja badala ya sentimita 12. Nyumba ya Malkia Mary ilijengwa kwa kipimo hicho, na faida yake ni kwamba mkono wa mtu mzima bado unaweza kuingia chumbani na kushona. Kitanda cha kamba chenye urefu wa sentimita 190 na upana wa sentimita 120 huwa na urefu wa karibu sentimita 16 na upana wa sentimita 10. Godoro la unene wa sentimita 10 huwa na unene wa milimita 8. Na kikalio kilicho sentimita 45 kutoka sakafuni hushuka hadi sentimita tatu na robo tatu.

Hesabu hiyo ni nyepesi kwa mbao, lakini kitambaa huikataa. Urefu ukigawanywa kwa 12, eneo hugawanyika kwa 144, na ujazo hugawanyika kwa 1,728. Na kwa kuwa uzito hufuata ujazo, mzigo wa mpagazi wa kilo 32 ungekuwa na uzito wa gramu 18 na nusu tu katika nyumba ndogo. Nyuzi za kitambaa, hata hivyo, hubaki na ukubwa na ukakamavu wake. Kitambaa chenye nyuzi 20 kwa kila sentimita, ambacho mnunuzi wa kawaida angekiona kizuri, kikiwekwa juu ya kitanda kidogo huonekana kama kimefumwa kwa kamba za unene wa milimita 6, na shuka inayopaswa kuteremka kwa uzito wake husimama wima pembeni mwa kitanda kama bati. Mto nao hukaa umevimba, haubonyei katikati wala haulegei pembeni, kwa sababu kitu kilichomo ndani hakina uzito wa kutosha kukishinda kitambaa. Kasoro hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji ajue mara moja kwamba anatazama kitu cha kuchezea, hata kama vipimo vyote ni sahihi.

Dawa yake imo katika kuchagua vitambaa na vijazo upya, bila kung'ang'ania vile vilevile vilivyotumika katika kitu halisi. Merikani halisi, ambayo ndiyo ingekuwa gamba la godoro katika tembe, haifai kabisa kwa godoro la milimita 8. Badala yake hutumiwa melimeli, yaani kitambaa chepesi sana cha pamba, au bafta iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalegea, na hata kola ya shati kuukuu ambayo nyuzi zake zimekwisha kuchoka. Mistari ya kikoi ni mipana mno, na maua ya kanga ni makubwa mno, isipokuwa sehemu ndogo za pembeni ambako mchapaji huweka nukta na vimistari. Fundi hukata hapo na kuacha sehemu nyingine. Rangi nazo hupunguzwa ukali kwa kulowekwa katika chai ya rangi, kwa kuwa rangi kali katika kitu kidogo huonekana kali zaidi kuliko ilivyo.

Kijazo cha asili cha pwani ni sufi, nyuzi laini zinazotoka katika tumba la mti wa msufi, ambazo ni nyepesi, haziloani upesi, na kwa sababu hiyo zilitumiwa pia katika maboya ya kujiokolea baharini. Bara kulikuwa na nyasi, manyoya na ngozi, na siku hizi wilaya za Igunga na Nzega hulima pamba. Kwa godoro dogo, sufi inafaa kuliko sponji, mradi ichambuliwe kwa subira, kwa maana mbegu moja ya msufi iliyosahaulika ndani hujitokeza juu ya shuka kama kiazi kilichofichwa. Baada ya godoro kujazwa na kufungwa, hupitishwa sindano juu hadi chini kila baada ya sentimita mbili na nusu, na uzi hufungwa kifundo pande zote mbili, kama yafanywavyo magodoro makubwa ili sufi isikimbilie upande mmoja. Vifundo hivyo ndivyo vinavyolipa godoro mabonde yake. Bila vifundo hubaki kifurushi tu.

Mto na takia, yaani mto mkubwa wa kuegemea ukutani, hutaka uzito ambao sufi haina. Wasanii wa vitu vidogo hutia ndani yake mchanga mwembamba uliochekechwa na kukaushwa, kiasi cha nusu au theluthi mbili ya mfuko, kisha hubonyeza katikati kwa kidole, na takia hukaa vile lilivyobonyezwa. Udongo wa sehemu nyingi za Tabora ni wa kichanga, hivyo kijazo hiki hakihitaji kununuliwa. Shuka na mapazia hutiwa wanga, kama anavyofanya dobi, kisha hupangwa mikunjo na kushikizwa kwa pini juu ya kipande cha sponji mpaka yakauke, na pini zikiondolewa kitambaa hubaki kimeteremka kwa namna ambayo uzito wake wenyewe usingeweza kuifanya.

Kitanda chenyewe chahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndicho kinacholibeba godoro na ndicho kinachoonyesha ustadi wa fundi. Sehemu zake ni matendegu manne, yaani miguu iliyokerezwa; mifumbati miwili, ambayo ni miti mirefu ya ubavuni; na vitakizo viwili, ambavyo ni miti mifupi ya upande wa kichwa na wa miguu. Mninga, mbao inayopendwa sana na maseremala wa Tabora, una mishipa mikubwa ambayo katika tendegu la urefu wa sentimita tano huonekana kama nyufa, na ni afadhali kutumia vipande vya mpingo vinavyobaki kwa wachongaji, kwa kuwa mpingo ni mzito, una chembe ndogo zilizoshikamana, na hukubali kukerezwa hadi wembamba wa njiti ya kiberiti bila kukatika. Mashimo ya kamba hutobolewa kwa sindano iliyotiwa moto au kwa keekee ndogo, kisha kitanda huwambwa, yaani kamba hupitishwa kutoka mfumbati hadi mfumbati na kufumwa na nyingine zinazotoka kwenye vitakizo. Kamba ya milimita 6 huwakilishwa na nyuzi mbili za kushonea zilizosokotwa pamoja, na kabla ya kutumiwa huvutwa mara mbili tatu juu ya donge la nta ya nyuki, ili vinyweleo vya uzi vilale na fundo lisiteleze. Nta ni mojawapo ya mazao yanayoupa mkoa huu sifa, kwa sababu misitu ya miyombo inayoizunguka Tabora na kuendelea hadi Sikonge ni nchi ya wafugaji wa nyuki na warina asali, na ni jambo la kupendeza kwamba kitanda kidogo cha Tabora kinaweza kushikizwa kwa zao la msitu uleule.

Zulia la Uajemi la mita mbili kwa tatu huwa kipande cha sentimita 17 kwa 25, na njia ya kawaida ya kulitengeneza kwa kipimo hicho ni kulidarizi kwa mishono midogo ya msalaba juu ya kitambaa chenye matundu. Kwa mishono saba katika kila sentimita, kazi hiyo hufikia mishono zaidi ya 20,000, na anayeianza yampasa aijue hesabu hiyo mapema. Mkeka ni mwepesi zaidi: ukindu hupasuliwa kwa ncha ya sindano hadi upana wa nusu milimita, hulowekwa, kisha husukwa.

Chumba cha mfanyabiashara peke yake, hata kikipambwa kwa ustadi wote huu, kingekuwa ni nusu ya ukweli. Nyumba za Tabora zilikuwa na watu waliopika, waliochota maji na waliolala sakafuni, wengi wao wakiwa watumwa, na njia iliyoleta mazulia ndiyo ile ambayo Tanzania iliipendekeza kwa UNESCO mwaka 2006, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, kwa jina la njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Hata Lutyens, alipoijengea familia ya kifalme nyumba ndogo, hakusahau jiko wala vyumba vya watumishi. Mfano wa tembe usio na mahali pa mtumwa wala mzigo wa mpagazi ukutani ungekuwa uongo uliotengenezwa vizuri. Kwa ajili hiyo matandiko ya watu hao yapunguzwe kwa uangalifu uleule: mkeka uliochakaa, kipande cha kaniki, gunia.

Kando ya tembe ya mfanyabiashara inafaa iwekwe nyumba ya Mnyamwezi. Burton alieleza kwamba humo kitanda kilitengenezwa kwa matawi yaliyobanduliwa magome, yakalazwa juu ya miti yenye panda na kutandikwa mikeka na ngozi ya ng'ombe, na kwamba kilichukua sehemu kubwa ya chumba. Pembeni yake vilikaa vilindo, yaani makasha ya mviringo yaliyotengenezwa kwa magome ya miti, ambayo katika umbo dogo hutengenezwa kwa gome jembamba la kijiti kibichi likiwa bado linakunjika. Mtemi, yaani mtawala wa Kinyamwezi, angeweza kuwa na kiti cha enzi cha mbao chenye egemeo refu; kimoja kilichotoka Buruku, chenye urefu wa zaidi ya mita moja na umbo la mtu lililochongwa kwenye egemeo, kimo katika Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kiti hicho hakina mto wala kitambaa, na heshima yake yote imo katika mchongo. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili kingekuwa na urefu wa karibu sentimita 9, na maadamu chenyewe kiko mbali, mfano wake uliochongwa na mkono wa Tabora una haki ya kwanza katika nyumba hiyo.

Sebule ya leo nayo isidharauliwe, ingawa kwa ustadi iko chini ya kitanda cha kamba. Makochi ya sasa hutegemea sponji ya poliyurethani, iliyoanza kuenea duniani miaka ya 1950, na katika umbo dogo hutengenezwa kwa kinyume cha njia ya karakana: fundi wa kochi kubwa huunda fremu kwanza, akajaza, kisha akavisha kitambaa chote juu yake, ilhali fundi wa kochi dogo hukata kila upande peke yake kwa kadibodi, hubandika juu yake sponji ya milimita mbili au tatu, huvisha kitambaa kilichoachwa ziada ya nusu sentimita, hukunja ziada hiyo nyuma baada ya kuipunguza kwenye pembe, na mwishoni ndipo huunganisha pande zote kwa gundi. Gundi nyeupe hupakwa kwenye kadibodi, kamwe isipakwe kwenye kitambaa, na huachwa hadi ianze kunata, kwa maana ikiwa maji bado hupenya na kuacha doa lisilotoka. Mwishowe kila egemeo huwekewa kitambaa cheupe cha kufuma, kwa kuwa sebule nyingi za Tanzania zina vitambaa hivyo, na kochi lisilo navyo ni la nchi nyingine.

Kazi yote hii yahitaji vipimo vya kweli, na vipimo hivyo vingali vinapatikana katika nyumba kongwe za Tabora, Kwihara na Ujiji, ambamo huenda kitanda cha zamani kimesimamishwa stoo kikingoja kuchanjwa kuni. Mafundi wa makochi wawawekee wanafunzi na wasanii vipande vya vitambaa na sponji wanavyovifagia kila jioni. Walimu wa sanaa wawapeleke vijana Kwihara wakiwa na rula na daftari. Na kila mwenye kitanda cha kamba nyumbani kwake apime matendegu, mifumbati na vitakizo vyake, ahesabu mashimo ya kamba, aulize wazee godoro lake lilijazwa nini, na aandike majibu hayo kabla kitanda hakijavunjwa.